Shamba Linapoitwa Ploti

Ukitoka Likoni kuelekea Lunga Lunga, kuta na mabati ya kando ya barabara yana habari zake. Kwenye ukuta wa matofali usiopigwa hata plasta, mtu ameandika kwa rangi nyekundu: PLOTI HII HAIUZWI. Mbele kidogo kuna kibao kilichopigiliwa misumari kwenye mnazi, na maneno ni yale yale. Mgeni hushangaa: kwani ni nani aliyesema inauzwa? Mwenyeji hashangai. Anajua kuna watu wanaouza ardhi isiyo yao, wakiwa na makaratasi yaliyogongwa mihuri, na kwamba mnunuzi aliyelipa akiwa mbali anaweza kufika na mafundi na lori la mchanga akamkuta mama wa watu uani anakuna nazi. Kopo moja la rangi ni nafuu kuliko kesi.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, lakini hapa pwani ya kusini ya Kenya limepewa kazi ambazo kwao halina. Mhudumu wa hoteli akikuambia pale Ukunda, "Mimi nakaa ploti ile ya nyuma ya soko," usidhani ana shamba. Anazungumzia chumba. Ploti kwa maana hiyo ni nyumba za kupanga zilizojengwa safu mbili zikitazamana, ua katikati, kamba za nguo, tangi la maji, choo na bafu vya wote kule pembeni, na keateka anayejua nani kalipa na nani anatoka alfajiri ili asionane naye. Chumba kitupu ni singo. Chenye choo chake ndani ni selfu. Vijana wengi waliokuja Diani kutafuta kazi za hoteli hupima maendeleo yao kwa safari hiyo fupi, kutoka singo hadi selfu.

Wageni wakipungua, kuanzia Aprili masika yanapoingia, kazi za mkataba husimama, na ploti huwa ya kwanza kuhisi. Mwaka 2020, hoteli zilipofunga milango kwa sababu ya korona, pigo lilitoka ufukweni likavuka barabara hadi Ukunda. Mpangaji alikosa kodi, na mwenye ploti, ambaye mara nyingi ni mtu wa kawaida aliyejenga vyumba vyake kwa pesa za kustaafu au za mkopo wa chama, akakosa cha kupeleka benki. Watu husema "mwenye ploti" kwa sauti ya kulalamika, kana kwamba ni tajiri. Wengi si matajiri. Ni watu ambao uzee wao wote umejengwa kwa matofali mia kadhaa na paa la mabati.

Neno lina safari nyingine pia. Vijana maskani wakiulizana Ijumaa jioni "ploti ni gani?", wanauliza mpango wa usiku. Mwanafunzi wa sekondari Msambweni hukutana na ploti katika fasihi, na huko ni msuko wa matukio ya riwaya au tamthilia: nini kilitangulia, nini kikasababisha nini, na nani akaishia wapi. Hata umbo la neno husema jambo. Anayeita kipande chake "kaploti" huenda ametoka bara. Mtu wa pwani hujikuta akisema "kiploti", au huliacha neno kama lilivyo, iwe moja au ziwe ishirini. Hakuna ubaya wowote katika hayo. Watu wanaoishi pamoja husikia asili zao wanapofungua vinywa, na Ukunda ni mji wa watu wa kila mahali.

Lakini maana inayowatoa watu jasho ni ile ya ardhi. Ploti ya kawaida hapa ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa upana na 100 kwa urefu. Dalali atakuambia hiyo ni sehemu ya nane ya eka, na wengi hukubali bila kupiga hesabu. Eka moja ina futi za mraba 43,560. Ukiigawa kwa nane unapata 5,445, ilhali hamsini kwa mia ni 5,000 kamili. Ploti nane za aina hiyo hula futi 40,000 za eka, na 3,560 zinazobaki ndizo njia. Kama njia hizo hazikuchorwa, au zimechorwa na kisha zikazibwa na jirani mwenye tamaa, ploti yako ya katikati haina pa kutokea. Kesi nyingi za majirani huanzia hapo, kwenye futi hizo 3,560 ambazo hakuna aliyeziuza na kila mtu anadhani ni zake.

Dalali, ambaye siku hizi huitwa broka, ana lugha yake kamili. Kuna ploti ya bichi, kuna safu ya kwanza inayogusa mchanga, na kuna safu ya pili, ambayo iko upande wa pili wa barabara ya hoteli lakini hutangazwa kana kwamba ukifungua dirisha mawimbi yataingia sebuleni. Diani ilipojaa, maneno hayo yakahamia Galu na Kinondo, yakashuka hadi Msambweni, na kaskazini yakapanda Tiwi. Barabara ya Dongo Kundu imeyapa nguvu mpya, kwa kuwa sasa mtu anaweza kuja kutoka upande wa Mazeras hadi barabara ya Ukunda bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Wikendi utawaona wanunuzi kutoka Nairobi wakishushwa kwenye basi dogo, viatu vyao vikizama mchangani, wakionyeshwa mawe ya mipaka wanayoyaita bikoni. Saiti, wanaiita. Wanapiga picha, wanauliza maji na umeme viko wapi, wanaondoka. Wengi ni watu wema wanaotafuta pa kuzeekea.

Swali ambalo hawaliulizi, kwa sababu neno ploti halina nafasi ya swali hilo, ni kwamba hapa palikuwa na nini kabla ya bikoni.

Mdigo, mwenyeji wa kaunti hii ya Kwale, analo neno lake: munda. Ndilo shamba, lakini ndani ya neno hilo kuna zaidi ya udongo. Kuna minazi, na kila mnazi una mwenyewe. Pwani hii, kwa desturi ya siku nyingi, mti na ardhi ni mali mbili. Mtu angeweza kumiliki minazi kumi iliyo katika ardhi ya mwingine, akaiuza, akaiacha kama mirathi, au akaiweka rehani: mwenye kukopesha aliangua nazi na kukausha mbata hadi deni lilipolipwa, kisha miti ikarudi kwa mwenyewe. Mwembe uliopandwa na babu ulikuwa ushahidi wa kuwa alikaa hapo, sawa na kaburi lake. Na kwa Wadigo, kabla ya mirathi ya Kiislamu kushika nguvu, mali ilipita kwa upande wa mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Munda mmoja ungeweza kuwa na watu wengi wenye haki juu yake, kila mmoja haki ya aina yake, na wote wakijuana kwa majina.

Sasa sikiliza mazungumzo ya siku hizi. Kijana anakuja na pikipiki, anavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mzee, nimekuja kwa ile ploti yako ya kule chini. Kuna mteja."

"Ploti gani? Kule chini ni munda."

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee wangu."

Si hiyo hiyo. Mzee anaposema munda anawaona dada zake, wapwa zake, mwembe wa mama yake na njia ya watu wa jirani kwenda kisimani. Kijana anaposema ploti anaona mstatili wenye namba. Ninaamini kwamba ardhi nyingi ya Kwale imeondoka mikononi mwa wenyewe katika nafasi iliyo kati ya maneno hayo mawili, na kwamba nyumba inapoanza kuliita shamba lake ploti, nusu ya mauzo imekwisha kufanyika hata kama hakuna pesa iliyohesabiwa.

Nafasi hiyo haikuanzishwa na kijana wa pikipiki. Mwaka 1895 Waingereza walichukua usimamizi wa mwambao wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1908 wakaleta sheria ya hatimiliki za ardhi. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili na kuyathibitisha. Ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Waliojua ofisi, waliokuwa na hati za Kiarabu au mawakili, walidai. Mkulima wa Kidigo ambaye ushahidi wake ulikuwa mwembe na kaburi, kwa kawaida hakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Katika daftari la serikali, pahala pake pakawa hapana mtu. Huko ndiko alikozaliwa skwota wa pwani, neno jingine la Kiingereza tulilolipokea: mtu anayeambiwa amevamia pahala alipozaliwa babu yake.

Uhuru haukufuta daftari hilo. Katika makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, Kenya iliahidi kulinda dini na mahakama za Kadhi, na pia kuzitambua hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa pwani. Ahadi ya kwanza iliwapa watu utulivu. Ya pili iliwafungia nje wale ambao hawakuwahi kusajiliwa. Miaka ya 1970, hoteli zikipanda ufukweni moja baada ya nyingine, upimaji na ugawaji ulishika kasi, na majina kama Kwale/Diani Complex, Kwale/Ukunda na Kwale/Galu Kinondo yakaanza kuonekana juu ya hati, kila moja na namba mbele yake. Ploti za bichi ziligeuka zawadi za wakubwa. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1978 kamati teule ya Bunge ilitoa ripoti juu ya umiliki wa ardhi katika mwambao wa maili kumi. Mwaka 2004 tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria nchini kote. Na mwaka 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake, makamishna watatu wa kigeni walikataa kutia saini juzuu lenye sura ya ardhi, wakisema aya zilizohusu pwani zilibadilishwa kwa shinikizo. Fikiria uzito wa jambo hilo: miaka hamsini baada ya uhuru, aya chache kuhusu ploti za pwani bado zilikuwa moto.

Moto wenyewe ulikuwa umekwisha kuonekana. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na mashambulizi dhidi ya watu wa bara yakaenea hadi Ukunda. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Uchunguzi ulionyesha mikono ya wanasiasa katika mwaka wa uchaguzi, lakini kuni zilikuwa za zamani, na nyingi zilikuwa za ardhi. Waliouawa hawakuwa wale waliogawiwa ploti za bichi. Walikuwa wapangaji, wauza duka, watu waliokaa katika vyumba vile vya safu mbili. Kila ninapomsikia kiongozi akipandisha sauti juu ya "wageni wanaomaliza ardhi yetu" huwakumbuka hao, kwa sababu mwenye hati kubwa huwa hayuko karibu wakati mapanga yanapotolewa.

Msitu nao umelipa. Kaya za Wamijikenda, jamii ambayo Wadigo wamo, yale makao ya kale yaliyozungukwa na miti mirefu, zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na Kaya Kinondo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Kutangazwa huko kulihitaji kwanza mipaka ipimwe. Miti ambayo kwa karne nyingi ilichungwa na miiko ya wazee ilibidi nayo ipate mistari kwenye ramani, vinginevyo ingeingizwa kwenye ploti ya mtu. Nje ya kaya, msitu wa Diani ulikatwakatwa na nyumba, kuta na barabara hadi mbega, ambao Wadigo huwaita kuluzu, wakashindwa kuvuka kutoka mti hadi mti bila kugongwa na magari au kunaswa na nyaya za umeme. Madaraja ya kamba unayoyaona yakining'inia juu ya barabara ya bichi yamewekwa kwa ajili yao.

Kule Msambweni na Ramisi hadithi ina sura nyingine. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipokufa mwishoni mwa miaka ya 1980, watu walirudi kulima katika ardhi ya miwa. Ardhi hiyo ilipokodishwa tena kwa mwekezaji wa sukari miaka ya 2000, waliokuwa wakilima wakawa ndio wavamizi. Vijiji vya Maumba na Nguluku vilihamishwa kupisha madini ya titani, na uchimbaji uliodumu tangu 2013 ulikoma Desemba 2024. Sasa watu wanauliza ardhi ile itarudi vipi na kwa nani: munda, au ploti?

Nafurahi kwamba sheria ya leo ina meno ambayo ile ya 1908 haikuwa nayo kwa mnyonge, na inaniuma kuona watu hawayatumii. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya ila kwa kukodi, tena kwa miaka isiyozidi 99. Inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, hivyo hakuna ploti ya bichi, hata iwe na ukuta wa namna gani, inayomiliki bichi. Shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na idhini hiyo huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo mauzo ni batili. Mke au mume lazima akubali ikiwa ni nyumba ya ndoa yao. Bodi hiyo ndiyo pahala pa familia kusimama na kusema hapana. Lakini shamba likifika mbele ya bodi likiwa tayari limeitwa ploti nyumbani, wengi hujiona hawana la kusema, hasa wanawake, ambao huambiwa karatasi ni mambo ya wanaume.

Kuna wanaoshauri tulikatae neno, turudi kwenye munda na tubaki huko. Naelewa uchungu wao, lakini siwezi kukubaliana nao. Wavuvi wa pwani hii wamejifunza kwa gharama kubwa. Bandari zao, kama Mwaepe pale Diani na Mkunguni kule Msambweni, ni pahala pa kushushia samaki, kukarabati mashua na kusubiri upepo. Miaka mingi hazikuwa na hati kwa sababu hakuna aliyefikiri mtu angeweza kuzidai. Kisha njia za kwenda baharini zikaanza kuzibwa, ukuta huku na lango lenye askari kule, na mvuvi akalazimika kuzunguka mbali akiwa na nyavu begani. Leo wavuvi wa mwambao wenyewe ndio wanaodai bandari zipimwe, ziwekwe bikoni, zipewe namba na hati kwa jina la umma. Wanataka ziwe ploti. Wamegundua kwamba katika daftari la serikali kisichokuwa na namba ni kama hakipo, na wameamua kulichukua neno lililowanyang'anya na kuliwekea masharti yao.

Familia zinaweza kufanya hivyo hivyo, na wakati wake ni siku ya upimaji. Hati nyingi za Kwale bado ziko kwa majina ya mababu waliokwisha kufa, mirathi haijafunguliwa kwa Kadhi wala kwa hakimu, na wajukuu hugawana kwa mdomo hadi siku broka anapokuja na mteja. Mpima akishafika, watu wote wa munda watoke, wanaume kwa wanawake, wapwa na mabinti walioolewa Vanga au Kinango, watembee naye mpaka kwa mpaka. Hapa pana kaburi. Mwembe huu ni wa shangazi. Hii ndiyo njia ya kisimani, na haizibwi. Njia iliyochorwa kwenye ramani ni njia mbele ya sheria. Ile ambayo haikuchorwa itabidi aliyeipoteza akaitafute kwa wakili na kwa mashahidi, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo siku hizi inakaa hata Kwale mjini.